Bildad Kaggia na Kiti cha Kandara

Muhula uliopita Chama chetu cha Mdahalo kilijadili hoja isemayo kwamba Mbunge akihama chama kilichompeleka Bungeni, yampasa akirudishe kiti kwa watu waliomchagua, wapige kura upya. Mimi nilisimama upande wa wapingaji, nami nikashindwa vibaya. Tulipokuwa tukitoka ukumbini mwalimu aliyekuwa mwamuzi aliniita kando, akaniambia kwamba nilisema mengi lakini sikutaja mtu hata mmoja aliyepatwa na jambo lenyewe. Akanishauri nisome maisha ya Bw. Bildad Kaggia kabla ya kusimama tena mbele ya wenzangu. Basi nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaleta kwa wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi, walimu na wazazi, maana naona si sisi wa mdahalo peke yetu tunaohitaji kuyajua.

Bildad Kaggia alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi. Wazazi wake hawakuwa watu wa mali. Alianza masomo katika shule za misheni, akawa kijana mwenye bidii, hata akafaulu kupata nafasi katika Shule ya Alliance, shule ambayo wakati ule kila kijana Mwafrika wa Kenya aliiota. Lakini karo haikupatikana. Nafasi ikapotea, naye badala ya kushika vitabu akashika kazi ya ukarani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya huko Fort Hall, mji uitwao leo Murang'a. Sisi tulio bwenini, ambao tunanung'unika maharagwe yakipungua chumvi, yafaa tulikumbuke jambo hilo.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Kaggia aliingia jeshini. Alipelekwa Mashariki ya Kati, na baadaye Uingereza kwenyewe. Safari hizo zilimfumbua macho. Aliona kwamba Mzungu naye hufagia barabara, naye hubeba mizigo, naye huwa maskini. Na ya kwamba heshima aliyodaiwa Mwafrika kila siku huko nyumbani haikuwa amri ya mbinguni. Hata habari za dini aliziangalia upya, akaona kwamba mengi yaliyofundishwa na wamisheni yalikuwa desturi za Wazungu tu, wala si neno la Mungu. Aliporudi Kenya mwaka 1946 alianza kuhubiri dini isiyokuwa chini ya wamisheni, na watu wakaiita dini hiyo kwa jina lake.

Hata hivyo mahubiri peke yake hayakumtosha. Aliingia katika vyama vya wafanyakazi mjini Nairobi, na huko akakutana na watu kama Fred Kubai na Makhan Singh. Mwaka 1950 wakubwa hao wawili walipokamatwa na Serikali ya kikoloni, Kaggia alikuwa miongoni mwa wale walioshika uongozi uliobaki. Mwaka 1951 yeye na wenzake wa vyama vya wafanyakazi walichaguliwa kuongoza tawi la Nairobi la chama cha KAU. Kubai akawa mwenyekiti na Kaggia akawa katibu. Tawi hilo likawa lenye nguvu na haraka kuliko makao makuu ya chama yenyewe. Kadhalika Kaggia aliingia katika halmashauri ya siri iliyoendesha viapo na maandalizi ya vita vya kudai ardhi na uhuru.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, Serikali ilitangaza hali ya hatari, na viongozi wengi wakakamatwa usiku ule ule. Sita kati yao wakapelekwa Kapenguria, kaskazini magharibi, mbali na Nairobi na mbali na wafuasi wao, wakashtakiwa kwamba ndio walioongoza Mau Mau. Watu hao ni Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko, Kung'u Karumba na Bildad Kaggia. Tarehe 8 Aprili, 1953, hakimu aliwahukumu kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Kaggia alikuwa na umri wa miaka kama 32. Alipelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana, mahali pa jua kali, mawe na upepo. Huko wafungwa wale hawakupatana wote, na ugomvi ulizuka baina yao. Lakini watu wa nje hawakuyajua hayo. Kwao majina yale sita yalikuwa kama jina moja, na kuyatamka ilikuwa kama kuutamka uhuru.

Kaggia alipata uhuru wake mwaka 1961. Katika uchaguzi wa Mei 1963 watu wa Kandara walimpeleka katika Baraza la Wawakilishi kwa tikiti ya KANU, na Bw. Kenyatta alipounda Serikali alimfanya Katibu wa Bunge katika Wizara ya Elimu, cheo kinachofuata kile cha Waziri. Tarehe 12 Desemba, 1963, bendera ya Kenya ikapandishwa. Mtu angedhani kwamba taabu za Kaggia zimekwisha. Ana cheo, ana gari, na mfungwa mwenzake wa Lokitaung ndiye mkuu wa Serikali.

Lakini hapa ndipo hadithi yenyewe inapoanza. Jambo lililowapeleka watu msituni lilikuwa ardhi. Sasa Serikali mpya ilikuwa ikinunua mashamba ya masetla kwa mkopo kutoka Uingereza, kisha ikiyagawa kwa Waafrika kwa masharti kwamba wayalipie kidogo kidogo kwa miaka mingi. Serikali ilisema kwamba nchi changa haiwezi kunyang'anya mali ya mtu. Kwamba ikifanya hivyo wenye fedha wataikimbia na mashamba yatakufa. Kaggia alisema kwamba mtu aliyenyang'anywa shamba haifai auziwe shamba lile lile, na kwamba maskini asiye na kitu, ambaye ndiye aliyepigana, hatakuwa na fedha za kulipa. Alitaka wasio na ardhi wapewe bila malipo, na mashamba makubwa yaendeshwe kwa ushirika. Pia aliwatetea maskwota waliokuwa wakifukuzwa mashambani.

Haya aliyasema hadharani, naye angali mtu wa Serikali. Mwaka 1964 aliandikiwa barua na kuambiwa kwamba aliye ndani ya Serikali hawezi kuipinga Serikali. Ni kusema kweli, kanuni hiyo si mbaya. Hata timu ya mpira haiwezi kucheza ikiwa golikipa anawashangilia wapinzani. Kaggia alikuwa na njia mbili: anyamaze abaki na cheo, au aseme akose cheo. Mwaka huo huo akatoka katika Wizara, akarudi kukaa katika viti vya nyuma vya Bunge, akaendelea kusema yale yale.

Mwezi wa Aprili 1965 ulifanyika mkutano wa hadhara huko Kandara, jimboni kwake, na Rais Kenyatta akahutubia. Mbele ya umati alimgeukia Kaggia kwa maneno. Alieleza kwamba walifungwa pamoja, wakatoka pamoja. Kisha akataja wenzao wa kifungoni, huyu amejenga nyumba kubwa, yule ana mabasi. Halafu akauliza Kaggia amejifanyia nini mwenyewe. Swali hilo likasambaa nchi nzima, na linakumbukwa mpaka leo. Wengine walicheka. Nadhani wengi wetu tungecheka pia, maana ni swali ambalo hata nyumbani tunaulizwa: mwenzako amepata kazi, mwenzako amejenga, wewe je? Lakini watu wa Kandara hawakumchagua Kaggia ajijengee nyumba. Walimchagua aseme juu ya ardhi. Tukilipima swali lile kwa kipimo cha mtu binafsi, Kaggia alikuwa ameshindwa. Tukilipima kwa kipimo cha kazi aliyotumwa, jibu ni jingine.

Katika KANU mambo yalizidi kuwa mabaya. Upande mmoja walikuwa Rais na Katibu Mkuu wa chama, Bw. Tom Mboya, upande wa pili alikuwa Makamu wa Rais, Bw. Oginga Odinga, pamoja na Kaggia na wengine waliotaka Serikali iende mbio zaidi katika kuwasaidia maskini. Mwezi wa Machi 1966 mkutano mkuu wa chama ulifanyika Limuru. Cheo cha Makamu wa Rais wa chama, alichokuwa nacho Odinga, kilivunjwa, na badala yake vikawekwa vyeo vinane vya makamu, kimoja kwa kila mkoa na kimoja cha Nairobi. Kaggia aligombea cha Mkoa wa Kati. Kura zikahesabiwa, akashinda. Lakini matokeo hayo hayakukubaliwa. Kura ikarudiwa, na safari hii akashinda Bw. James Gichuru. Nafikiri hapo ndipo Kaggia alipoona kwamba ndani ya nyumba ile hapana tena mlango wa kusemea.

Tarehe 14 Aprili, 1966, Odinga alijiuzulu cheo cha Makamu wa Rais wa nchi. Wabunge na Maseneta kadhaa wakajitoa KANU ili kupinga mwenendo wa chama na Serikali, wakajiunga na chama kipya kilichoitwa Kenya People's Union, yaani KPU. Odinga akawa kiongozi wake, na Kaggia akawa msaidizi wake. Achieng Oneko, mfungwa mwingine wa Kapenguria, aliacha Uwaziri akafuata njia hiyo hiyo. Hivyo kati ya wale sita wawili walikuwa sasa upande wa upinzani.

Sheria ya wakati ule haikumkataza Mbunge kuhama upande na kiti chake. Kwa kweli si siku nyingi zilizokuwa zimepita tangu Wabunge wa chama cha KADU walipohamia KANU wote, mwaka 1964, wala hakuna aliyewaambia warudi kwa wapiga kura. Lakini sasa Bunge liliitwa kwa haraka, na kabla ya mwezi wa Aprili kwisha Katiba ikabadilishwa: Mbunge akijitoa katika chama kilichomsimamisha katika uchaguzi, kiti chake ni kitupu, na hana budi kugombea upya. Wengine walipoona kwamba kiti kinawaponyoka, walitaka kurudi KANU. Kaggia hakurudi.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ule uchaguzi wa Juni 1966 ambao wanahistoria huuita Uchaguzi Mkuu Mdogo. Ulikuwa uchaguzi mdogo, maana ulikuwa wa kujaza viti vilivyoachwa. Lakini viti vyenyewe vilikuwa 29, yaani 19 katika Baraza la Wawakilishi na 10 katika Seneti, tena vimetapakaa sehemu nyingi za nchi. Alama ya KANU ilikuwa jogoo, na ya KPU ilikuwa fahali. Jogoo alikuwa na kila kitu: Serikali, magari, redio, na jina la Rais. Fahali alikuwa na majuma machache tu tangu kuzaliwa kwake, na vibali vya kufanya mikutano vilikuwa vigumu kupatikana. Na huko Mkoa wa Kati palikuwa na jambo zito zaidi ya hayo yote. Watu waliambiwa kwamba kumchagua Kaggia ni kumkataa Kenyatta, na Kenyatta alikuwa kwao kama baba. Mtu aweza kukubaliana na maneno ya Kaggia juu ya ardhi, tena asiweze kuinua mkono dhidi ya baba.

Kura zilipohesabiwa, KPU ilikuwa imepata viti 9 tu kati ya 29: viti 7 katika Baraza la Wawakilishi na 2 katika Seneti. Odinga alishinda kwao Bondo. Oneko alishindwa Nakuru. Na Kandara, watu wale wale waliompeleka Kaggia Bungeni mwaka 1963, na ambao kwa ajili yao alipoteza cheo, walimpa kura nyingi Bw. Taddeo Mwaura wa KANU. Kaggia akatoka Bungeni.

Nilipofika hapa katika kusoma nilifunga kitabu kwa muda. Nilimwonea huruma, tena niliwakasirikia watu wa Kandara. Baadaye nikaona kwamba hasira yangu si ya haki. Kura ni mali ya mpiga kura, wala si malipo ya deni. Kaggia mwenyewe alikuwa amesema siku zote kwamba nchi ni ya wananchi. Basi hakuweza kusema vingine walipomkataa. Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Miaka iliyofuata haikuwa rahisi. Mwaka 1968 Kaggia alifungwa kwa shtaka la kufanya mkutano usio halali, akarudi tena gerezani, safari hii katika nchi huru aliyoipigania. Mwezi wa Agosti mwaka huo, katika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya na miji, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa nchi nzima kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Mwezi wa Julai 1969 Tom Mboya aliuawa, na nchi ikajaa chuki. Mwaka huo Kaggia alijitoa KPU akarudi KANU. Tarehe 30 Oktoba, 1969, baada ya ghasia na vifo vya Kisumu, KPU ilipigwa marufuku, na Odinga na wenzake wakatiwa kizuizini.

Kurudi huko KANU sitakuficha msomaji, wala sitakupamba. Wako wanaosema kwamba mtu aliyestahimili Lokitaung angestahimili na hayo pia. Yawezekana. Lakini mimi ni mtu wa miaka 17, sijapata kulala gerezani hata usiku mmoja, na sioni kwamba ninayo haki ya kumhukumu mtu aliyelala humo miaka mingi. Baadaye Serikali ilimpa kazi ya uenyekiti wa bodi iliyosimamia pamba. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake mpaka mwaka 1963, ambamo alieleza jinsi vyama vya wafanyakazi na watu wa kawaida wa Nairobi walivyoujenga msingi wa uhuru. Hakurudi tena katika vyeo vikubwa. Alifariki tarehe 7 Machi, 2005, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, naye hakuacha utajiri. Swali la mwaka 1965 lilibaki na jibu lile lile.

Sasa nirudi katika mdahalo wetu. Sheria ile ya Aprili 1966 ilitungwa kwa haraka, kwa ajili ya watu waliojulikana kwa majina, ili waadhibiwe. Kwa hiyo nia yake haikuwa njema, maana walioitunga waliwapokea KADU miaka miwili nyuma bila kuwauliza neno. Hata hivyo Kenya imeishika kanuni yenyewe. Katiba ya mwaka 2010 nayo yasema kwamba Mbunge akijiuzulu chama kilichomdhamini, kiti chake huwa wazi. Nimetambua kwamba kanuni yaweza kuwa nzuri ingawa aliyeileta alikuwa na hila, kama vile kisu kikali hukata nyama ya karamu na pia huweza kumjeruhi jirani. Lakini kanuni hiyo haiwi haki mpaka mambo mawili yawepo: itumike kwa wote, wanaokwenda upande wa Serikali na wanaoiacha, na yule anayerudi kwa wapiga kura apewe nafasi sawa ya kusema nao, yaani mikutano, redio na usalama. Kandara mwaka 1966 ilikosa la kwanza na la pili.

Kwa hiyo nikipewa nafasi ya kusimama tena katika hoja ile ile, nitasimama upande wa waungaji mkono, lakini nitaongeza masharti hayo mawili, nami nitamtaja Kaggia.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mwaka ujao wengi wetu, Mungu akipenda, tutakuwa na miaka 18 na haki ya kupiga kura. Wengine kati yetu huenda siku moja wakaombwa kura. Tutaulizwa, kama Kaggia, tumejifanyia nini wenyewe. Swali hilo si la aibu kwa mtu aliyelima shamba lake akajenga nyumba yake kwa jasho lake. Lakini kwa mtu aliyetumwa na wengine, swali la kwanza ni jingine: wale waliokutuma umewafanyia nini, na walipokuhitaji useme, je, ulisema? Bw. Bildad Kaggia alisema. Alisema akiwa na cheo, akakosa cheo. Alisema akiwa na kiti, akakosa kiti. Hakuwa mtu asiye na makosa, wala sikuandika ili afanywe malaika. Nimeandika ili, mtu akija kutuuliza katika shule hii kama yuko Mwafrika wa Mashariki aliyekiweka kiti chake katika hatari kwa ajili ya neno lake, tusinyamaze kama nilivyonyamaza mimi muhula uliopita.